Habari za Nyuzi za Gitaa: Utumbo, Chuma na Nailoni

Gitaa ni kinanda kinachojulikana sasa karibu katika kila nchi. Watu wakilisifu, aghalabu husifu mti wake, au umbo lake, au wepesi wa vidole vya mpigaji. Nyuzi hazisifiwi, zikichakaa hutupwa, zikinunuliwa mpya hutiwa bila maneno mengi. Walakini uzi ndio usemao. Mti hupokea sauti na kuikuza, lakini hauwezi kuianzisha. Kinubi cha Daudi na gitaa la leo ni jamaa moja kwa jambo hili, ya kwamba vyote viwili husema kwa uzi uliokazwa.

Katika habari hizi twataka kueleza jinsi nyuzi za gitaa zilivyobadilika kwa muda wa miaka mia nne na zaidi, na ni nani waliozijaribu, na ni haja gani iliyowashurutisha kujaribu. Maana si historia ya muziki tu. Ni historia ya watu walioambiwa kwamba kitu fulani hakifai, wakakitia mkononi wakakisikiliza kwa masikio yao wenyewe.

Kwa miaka mingi sana gitaa na ndugu zake wa Ulaya walitiwa nyuzi za utumbo wa kondoo. Waingereza huziita kwa neno lenye jina la paka ndani yake, kwa hiyo wengi wamedhani kwamba paka walichinjwa kwa ajili ya muziki. Sivyo hata kidogo. Mnyama aliyetumika ni kondoo, na pengine mbuzi au ng'ombe. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu na yenye harufu mbaya. Matumbo yalisafishwa, yakalowekwa katika maji ya majivu, yakaparwa mpaka nyama na mafuta yote yakatoka, ukabaki utando mwembamba wenye nguvu. Ndipo fundi alipochukua tando kadha wa kadha, akazisokota pamoja zingali mbichi, kama msokota kamba asokotavyo katani, akazikaza juani au chumbani mpaka zikauka, kisha akazisugua hata zikawa laini. Waitalia walisifiwa kuliko wengine kwa ufundi huu, na katika kijiji cha Salle, jimbo la Abruzzo, baba walimrithisha mwana kazi hiyo kizazi baada ya kizazi.

Sauti ya uzi wa utumbo ni ya upole na tena imejaa. Lakini uzi huo ulikuwa na tabia zake. Siku ya mvua hunywa unyevu ukavimba, siku ya jua hukauka ukakazana, hata mpigaji akawa hana budi kukaza na kulegeza kila mara. Uzi wa kwanza, ulio mwembamba kuliko wote, ulikatika upesi mno. Tena, kwa kuwa utumbo ni kitu cha mnyama, unene wake haukuwa sawa toka mwanzo hata mwisho. Na uzi usio sawa hautoi sauti ya kweli hata ukipigwa na bingwa.

Kwa sababu hiyo watu wa zamani walikuwa na njia ya kuujaribu uzi kabla ya kuutia. Njia hii imeandikwa katika vitabu vya karne ya 16 vya kufundisha kupiga luti, yaani kile kinanda cha Ulaya kilichozaliwa na udi wa Waarabu. Kimojawapo ni kitabu cha Hans Gerle wa Nürnberg, kilichopigwa chapa mwaka 1532. Mtu hushika uzi ncha mbili, akaukaza kati ya mikono yake, akaupiga kwa kidole, akautazama unavyotikisika. Ukionekana kama nyuzi mbili safi zenye nafasi katikati, uzi huo ni wa kweli. Ukionekana kama nyuzi nyingi zilizochanganyikana, ni wa uongo, na utupwe. Twaona basi ya kuwa tangu zamani mpigaji hodari hakuamini neno la mwuzaji. Alitazama, ndipo akanunua.

Katika karne hiyohiyo alikuwako huko Florence mpiga luti aitwaye Vincenzo Galilei, baba yake Galileo yule mwenye elimu ya nyota. Vincenzo aliishi na hadithi moja ya kale iliyokuwa imekaririwa na wataalamu kwa muda wa zaidi ya miaka elfu moja. Hadithi ilisema kwamba Pythagoras, mwenye hekima wa Wayunani, alitundika vitu vizito kwenye nyuzi zilizo sawa, akaona ya kuwa uzito ukizidishwa mara mbili, sauti hupanda oktava moja, yaani hufikia ile sauti ya juu iliyo pacha ya ile ya chini, kama mtoto aimbapo wimbo mmoja na baba yake. Vitabu vilisema hivyo, na walimu wakafundisha hivyo, na wanafunzi wakaandika hivyo.

Vincenzo akatwaa nyuzi akatundika uzito yeye mwenyewe. Akaona ya kuwa mara mbili haitoshi. Ili sauti ipande oktava moja, yapasa uzito uwe mara 4. Neno hilo alilitoa katika kitabu chake cha mwaka 1589. Wala hakuishia hapo, bali alilinganisha nyuzi za utumbo na nyuzi za chuma, akasema kwamba hata zikifikishwa kwenye sauti moja hazipatani kabisa, kwa kuwa kila kitu kina sauti ya asili yake. Jambo lililosemwa na wakuu kwa miaka elfu lilianguka mbele ya uzi na jiwe la mizani.

Baada yake alikuja Marin Mersenne, mtawa wa shirika la Waminimi aliyekaa Paris. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1636 alizipanga kanuni hizi vizuri: sauti ya uzi hutegemea mambo matatu, nayo ni urefu wake, mkazo wake, na uzito wa uzi wenyewe. Mpiga gitaa wa leo, ajapokuwa hakusikia jina la Mersenne, huzitumia kanuni zake tatu kila siku. Akibonyeza kidole shingoni, hufupisha uzi. Akizungusha sikio la gitaa, huongeza mkazo. Na anaponunua uzi mwembamba au mnene, hubadili uzito.

Hapo tutaelewa shida kubwa ya nyuzi za chini. Ukitaka sauti nzito katika kinanda kifupi, una njia mbili tu: ama uulegeze uzi, ama uuongezee uzito. Ukiulegeza kupita kiasi, huwa kama kamba ya kuanikia nguo, wala hausemi. Ukiunenepesha, utumbo mnene huwa mgumu kama fimbo, na sauti yake hufa mara. Dawa ilipatikana katika karne ya 17, nayo ni kuchukua uzi mwembamba wa utumbo au wa hariri na kuuzungushia waya mwembamba toka mwanzo mpaka mwisho. Waya huleta uzito, na uzi wa ndani hubaki mwororo. Mwaka 1664 John Playford, mpiga chapa wa vitabu vya muziki huko London, aliwatangazia wasomaji wake nyuzi za namna hii mpya.

Gitaa lenyewe lilikua pamoja na nyuzi zake. Katika karne ya 16 lilikuwa na safu 4 za nyuzi, katika karne ya 17 lilikuwa na safu 5, na kufika mwisho wa karne ya 18 likawa na nyuzi 6 moja moja, kama tuonavyo leo. Uzi wa sita, ulio mzito kuliko wote, usingaliweza kusema vema pasipo ule ufundi wa kuzungusha waya. Ndipo katika karne ya 19 fundi wa Hispania, Antonio de Torres wa Almería (1817–1892), alipolipa gitaa la nchi yake umbo pana na uso mwembamba, unaotikiswa kwa urahisi na nyuzi za utumbo.

Sasa tuendelee mpaka Marekani. Mwaka 1833 alihamia huko fundi Mjerumani, C. F. Martin, mzaliwa wa Markneukirchen, na mwaka 1839 alikaa Nazareth katika jimbo la Pennsylvania. Mji huo ulijengwa na Wakristo Wamoravian, ndugu katika imani wa wale walioanza kazi ya misheni Rungwe mwaka 1891. Magitaa ya Martin nayo yalikuwa ya nyuzi za utumbo. Lakini katika miaka ya 1840 alianza kuitia chini ya uso wa gitaa miti miwili iliyopishana kama msalaba wa mshazari, nayo ikaupa uso nguvu kuliko zamani. Nguvu hiyo ilikuwa akiba ya siku ambayo fundi yule hakuiona.

Siku hiyo ililetwa na watu wa visiwa vya Hawaii. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 alikuwako huko kijana wa shule, jina lake Joseph Kekuku. Husimuliwa kwamba aliokota kipande cha chuma kando ya reli, akakiburuta juu ya nyuzi za gitaa lake, akasikia sauti iteleze kama mtu aombolezaye. Uzi wa utumbo haukupatana na kazi hiyo. Uliofaa ni waya wa chuma cha pua, usiochoka upesi na ambao mlio wake hukawia. Mwaka 1915 palikuwa na maonyesho makubwa katika mji wa San Francisco, kwa kusherehekea kufunguliwa kwa Mfereji wa Panama, na waimbaji wa Hawaii wakawapendeza watu mno. Baada ya hapo Wamarekani wengi walitaka gitaa lenye nyuzi za chuma, na mwaka 1922 kiwanda cha Martin kilianza kuuza gitaa lililoundwa makusudi kwa nyuzi hizo.

Tofauti haikuwa ya sauti peke yake. Nyuzi 6 za utumbo, au za nailoni ambazo tutazieleza, huvuta gitaa kwa nguvu kama ya kilo 40 kwa jumla. Nyuzi za chuma huvuta kwa kilo 70 na kupita. Ni kana kwamba mtu mzima amening'inia shingoni mwa gitaa usiku na mchana. Magitaa mengi ya zamani yaliyotiwa nyuzi za chuma na wenyewe kwa tamaa ya sauti kubwa yalipinda shingo, yakatoka uvimbe usoni, daraja likang'oka.

Kwa wapigaji wa Hispania na waliofuata njia yao, uzi wa chuma ulikuwa kitu cha vilabuni. Alikuwako mtu mmoja aliyebeba dharau hiyo maisha yake yote, naye ni Agustín Barrios wa Paraguay, aliyezaliwa mwaka 1885. Alipiga muziki wa ustadi mkubwa, na nyimbo nyingi alizitunga mwenyewe, lakini alitumia nyuzi za chuma wakati wenzake walitumia utumbo. Wapo waliomcheka kwa ajili hiyo. Yeye alitia vipande vidogo vya mpira kwenye nyuzi karibu na daraja, ili kupunguza ukali wa mlio, akaendelea na kazi yake. Alifariki El Salvador mwaka 1944. Sauti yake imo katika sahani za santuri alizozitia tangu kabla ya mwaka 1915, na mwaka 1977 mpigaji mashuhuri John Williams alitoa sahani nzima ya nyimbo za Barrios, zikaenea duniani. Nyuzi zake zilichekwa, na nyimbo zake sasa hufundishwa katika vyuo.

Mwaka uleule aliokufa Barrios, vita kuu ya pili ilikuwa ikiendelea, na nyuzi za utumbo zilikuwa shida kupatikana. Waganga wa majeshi walihitaji utumbo kwa kushonea majeraha ya askari, na jambo hilo lilikuwa na haki ya kutangulizwa mbele ya muziki. Hariri nayo, ambayo ilikuwa ndani ya nyuzi za chini, ilitoka zaidi Japani, na Japani ilikuwa adui wa Marekani tangu mwaka 1941. Andrés Segovia (1893–1987), Mhispania aliyelitoa gitaa nyumbani na mitaani akalipandisha katika kumbi kubwa za muziki, alikuwa akisafiri kutoka mji hata mji pamoja na hofu ya kukatika kwa uzi wake wa kwanza. Mkulima aweza kuazima jembe. Mpigaji asiye na uzi hana la kuazima.

Lakini kitu kipya kilikuwa kimekwisha kuzaliwa. Mwaka 1935 Wallace Carothers na wenzake, wataalamu wa kampuni ya DuPont, walitengeneza nailoni. Carothers alifariki mwaka 1937, kabla watu hawajaijua kazi yake. Mwaka 1938 nailoni ilitangazwa, ikatumika kwanza kwa nywele za miswaki, na mwaka 1940 kwa soksi za wanawake. Kisha vita ikaichukua kwa miavuli ya askari warukao kutoka angani na kwa kamba za namna nyingi. Hakuna aliyeitengeneza kwa nia ya muziki.

Huko New York alikuwako fundi wa magitaa, Albert Augustine, mzaliwa wa Denmark. Husimuliwa kwamba alizikuta nyuzi za nailoni katika duka la vitu vilivyobaki vya jeshi, akazitia katika gitaa, akazipiga. Segovia naye alipewa vipande vya nailoni na rafiki aliyeweza kuvipata, akavijaribu. Mlio haukumridhisha kabisa, kwa maana ulikuwa na ukali kama wa chuma. Lakini uzi haukukatika, wala haukujali mvua wala jua. Ndipo Segovia na Augustine walipoanza kushauriana. Fundi alitengeneza, mpigaji akajaribu na kusema lililopungua, fundi akarudi kutengeneza tena. Kufika mwaka 1947 nyuzi za Augustine zilikuwa tayari kwa kuuzwa, na Segovia alizitumia mpaka mwisho wa maisha yake.

Yasimuliwa tena ya kuwa wakuu wa kiwanda waliona shaka kama wapigaji wangaliipokea sauti ya nailoni. Basi magitaa yakapigwa mbele yao pasipo wao kujua lipi lina uzi gani, nao wakausifu uzi wa nailoni wakidhani ni utumbo mzuri. Sikio lilipofunguliwa na jina likafichwa, hukumu ikageuka. Zamani wazee wetu walisema, mkosa titi la mama hata la mbwa huamwa. Lakini hapa aliyeamwa kwa dhiki alikuwa mama wa kudumu. Vita ilipokwisha, utumbo ulirudi madukani, na wapigaji wengi hawakuurudia.

Huku kwetu Afrika habari hizi hazikuchukua njia hiyohiyo. Gitaa lilifika kwa mabaharia, kwa wafanya kazi wa migodi na kwa maduka ya mijini, na lililoenea sana ni lile la nyuzi za chuma. Mlio wake husikika uwanjani penye watu wengi, na waya hauvimbi kwa unyevu kama utumbo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alikwenda Jadotville katika Katanga, mji uitwao sasa Likasi, akapiga sahani ya kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco. Kijana huyo alipiga nyuzi za chuma kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, na wimbo wake uitwao Masanga ukawashangaza mabingwa wa nchi za mbali. Kwa uzi uleule uliomletea Barrios dharau, Mwenda alipata sifa.

Wala kubadili nyuzi si jambo la gitaa peke yake. Wajaluo wana nyatiti yenye nyuzi 8. Zamani zilikuwa za kano za ng'ombe; siku hizi wapigaji wengi hutia uzi wa nailoni wa wavuvi. Mzee aliyeizoea kano hakosi kusema kwamba sauti si ileile, naye asema kweli, kama Vincenzo Galilei alivyosema kweli. Lakini nyimbo hazikufa, na vijana wangali wakijifunza.

Tangu hapo mambo yameendelea. Mwaka 1974 ilianza kutumika shaba iliyochanganywa na bati na fosforasi kwa kuzungushia nyuzi nzito za gitaa la chuma, na mwaka 1997 zilitoka nyuzi zilizovikwa utando mwembamba sana wa kuzuia jasho na kutu. Mwenye kununua leo ana mengi ya kuchagua, na pengine hata kuchanganyikiwa.

Kwa mwenye gitaa moja na fedha kidogo twaongeza shauri. Kwanza ajue gitaa lake limeundwa kwa nyuzi gani. Lile la nailoni lisitiwe kamwe nyuzi za chuma, kwa sababu ya zile kilo tulizozitaja. Pili, akitaka kujaribu namna mpya, abadili jambo moja kwa mara moja, ama unene ama kitu cha uzi, la sivyo hatajua ni lipi lililoleta tofauti. Tatu, asihukumu siku ya kwanza. Uzi mpya hunyumbuka na kushuka sauti, na yapasa uachwe siku mbili tatu hata utulie. Nne, afute nyuzi kwa kitambaa kikavu kila amalizapo kupiga, maana jasho la vidole ni adui wa waya.

Pengine mtu atatujibu kwa mithali, mchagua jembe si mkulima. Mithali hiyo ni kweli kwa mvivu, atafutaye sababu ya kuketi kivulini. Mwenye kubadili nyuzi kila juma asijifunze wimbo hata mmoja, yamhusu. Lakini watu tuliowasimulia hapa hawakuchagua ili wasilime. Barrios alilima na jembe lililochekwa. Segovia alilima mpaka jembe likavunjika, ndipo akatafuta jingine. Vincenzo alilipima jembe ambalo wengine walilisifu tu. Nasi walimu, ambao hukariri mengi mbele ya watoto kwa kuwa sisi tulikaririwa, twaweza kuanza na lile la Pythagoras: nyuzi mbili zilizo sawa, jiwe moja, na mawe manne yenye uzito wa lile moja, vyatosha kulionyesha darasani kwa saa moja.